Somo la Afya: Maumivu ya Utotoni na Huruma Tunayodaiana



Somo hili nimeombwa niliandike kwa sababu mbili: nasoma uuguzi, na nina kifafa tangu nikiwa na miaka tisa. Naona sababu ya pili ndiyo inayonipa haki zaidi ya kusema. Niliwahi kuambiwa, tena na watu wanaonipenda, kwamba nimeingiliwa na jini kwa sababu swala zangu zina kasoro. Mtoto wa miaka tisa! Hata swala yenyewe ilikuwa haijamlazimu.

Tuanze na Hadithi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas habari ya mwanamke aliyemjia Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba huanguka, na akianguka nguo humfunuka. Mtume alimpa hiari: asubiri na malipo yake ni Pepo, au amwombee Allah ampe afya. Akachagua kusubiri, ila akaomba asifunuke, naye Mtume akamwombea hilo. Tazameni kisichokuwemo katika kisa hiki. Hakuulizwa anaswali vipi, wala hakuambiwa imani yake ni dhaifu. Aibu ya kufunuka mbele za watu ndiyo iliyomuuma, na hiyo ndiyo iliyoondolewa. Sisi katika mabweni yetu huanza kwa kumchunguza mgonjwa dini yake, halafu ndipo tunamuuliza anaumwa nini.

Sasa niingie kwenye maradhi yasiyoonekana. Kiswahili kina neno kiwewe. Wanyarwanda, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, wamelizoea neno ihahamuka, linalotaja pumzi inayokatika kwa hofu. Nalipenda neno hilo kwa sababu linakubali kwamba jambo liko mwilini. Mtu akiona hatari, mwili humwaga homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo hupiga mbio, misuli hukaza, tumbo huacha kusaga chakula. Hiyo ni neema ya Allah, ndiyo inayotuwezesha kukimbia. Tatizo ni kwa mtoto ambaye hatari inakaa naye nyumba moja. King'ora chake hakizimwi. Anakua nacho, anakuja nacho chuoni, na mlango ukibamizwa usiku anaruka kitandani huku nyote mmelala.

Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walitoa utafiti ambao kila anayesoma afya hukutana nao. Ulianzia San Diego, katika kliniki ya watu wenye unene wa kupindukia. Felitti alishangaa kwamba baadhi ya waliokuwa wakifaulu kupungua ndio waliokuwa wakiacha matibabu. Alipowauliza habari za maisha yao alikuta wengi walidhalilishwa kingono utotoni, na kwa baadhi yao unene ulikuwa ngao. Baadaye watu 9,508 wakaulizwa kuhusu aina saba za mateso ya utotoni: kupigwa, kutukanwa, kunajisiwa, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi, na mgonjwa wa akili, au na mtu aliyewahi kufungwa. Zaidi ya nusu walikuwa na angalau aina moja. Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, kuliko wasiopitia yoyote. Maradhi ya moyo, mapafu na ini nayo yalipanda. Na hao hawakuwa watu wa vita wala wakimbizi. Wengi walikuwa watu wa kipato cha kati, wenye bima.

Angalizo: hesabu hizo ni za kundi kubwa. Hazimtabirii mtu mmoja mmoja, na asitokee mtu akamwambia mwenzake, "wewe umeshaharibika."

Dalili ya hilo tunayo karibu. Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa baba yake ameshafariki, akampoteza mama akiwa na miaka sita, na babu akiwa na minane. Allah anamkumbusha uyatima wake katika Suratu Dhuha, kisha anamkataza kumwonea yatima. Muslim amepokea kwamba miaka mingi baadaye alizuru kaburi la mama yake, akalia mpaka akawaliza waliokuwa pamoja naye. Huyo ni mtu mzima, Mtume wa Allah, anamlilia mama aliyemkosa akiwa na miaka sita. Nani basi atamwambia mwanafunzi wa mwaka wa pili kwamba mambo ya utotoni yamepita, asahau?

Lakini angalieni pia nani walikuwepo: Abdul-Muttalib, Abu Talib na mkewe Fatima bint Asad, na Ummu Ayman ambaye Mtume aliendelea kumtembelea. Wataalamu wa leo nao wanasema kwamba mtu mzima mmoja, anayeaminika na asiyeondoka, hupunguza sana madhara.

Hapa Rwanda vijana walilifahamu hilo kwa dhiki. Mwaka 1996, kule Butare, wanafunzi walionusurika walianzisha AERG, na ndani yake wakaunda familia. Mwanafunzi mmoja anakuwa baba, mwingine mama, wengine watoto, ingawa umri wao unakaribiana. Ada ikikwama au mtu akilazwa, kuna wa kumwita. Sisi wenye halaqa kila wiki tuna umbo kama hilo tayari, ila tunalitumia kwa darasa tu.

Kila mwezi wa Aprili, katika siku za kumbukumbu, tunaona watu wakianguka na kupiga kelele. Baadhi wanatetemeka kama mimi ninavyotetemeka, lakini si kifafa. Kuna degedege linalotokana na kiwewe, na daktari huweza kulitofautisha kwa kupima umeme wa ubongo. Hawaigizi. Mwondoeni kwenye msongamano, mfunikeni, semeni naye taratibu kwa jina lake, mwambieni yuko wapi na leo ni tarehe ngapi. Msimshike kwa nguvu. Ruqya ni Sunna na siipingi, lakini kumzunguka watu kumi mkisoma kwa sauti ya juu huku mnamkandamiza chini ni kumrudishia kilekile kilichomtisha.

Akitaka kusimulia, msikilize. Asipotaka, usichimbe. Swali "kwa nini hukupiga kelele wakati ule?" lisitoke kabisa kinywani mwako. Siri yake ni amana, isipokuwa akisema anataka kujiua. Hapo usimwache peke yake hata dakika moja, na mpeleke hospitali usiku huohuo. Hospitali za wilaya zina huduma ya afya ya akili na mituweli inapokelewa. Na jina la Ndera tuache kulifanya tusi. Ni hospitali kama nyingine, na wapo wanaokosa matibabu kwa kuogopa utani wetu tu.

La mwisho ni Ramadhani, kwa kuwa iko njiani. Mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qur'ani, Suratul Baqara, na haiwi halali baada ya kupitishwa na jirani yake wa chumbani. Wenzangu mnaomeza dawa za kifafa, za sonona au za vidonda vya tumbo, msiziache wala msibadilishe saa zake kwa kujikisia. Mwoneni daktari wiki kadhaa kabla. Nyingine huweza kuhamishiwa futari na daku, nyingine haziwezi. Mimi mwaka huu nitafunga, kwa kuwa dawa yangu naimeza mara mbili na daktari ameridhia. Mwaka juzi sikufunga, na dada mmoja wa bwenini kwetu alikuwa akinifunikia sahani yangu ya mchana bila kuuliza neno.