Stika Nyeusi ya Mlango: Namna ya Kubandua Iliyochakaa na Kubandika Mpya

Kwenye magari mengi madogo yanayotoka Japani, ile sehemu nyeusi isiyong'aa kati ya kioo cha mlango wa mbele na cha mlango wa nyuma haikupigwa rangi. Ni stika. Imebandikwa kiwandani juu ya rangi ya bodi ili vioo vya ubavuni vionekane vimeungana. Mikono ndiyo inayoimaliza: abiria hushika hapo anapofunga mlango, na kucha, pete, funguo na zipu za mabegi huacha alama zake. Hapa Ilemela, Mwanza, kuna la ziada. Ukiacha lami na kuingia mitaa ya ndani ya Buswelu au Nyasaka wakati wa kiangazi, vumbi lenye chembe za mawe hutua mlangoni, kisha mwenye gari hulifuta kwa kitambaa kikavu. Chembe zile hukwangua kuliko funguo.

Jua nalo halisamehe. Mwanza iko kama nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, na uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi hushuka karibu wima na kwa ukali. Kitu cheusi kikianikwa hapo mchana kutwa huchemka, plastiki hupoteza ulaini wake mwaka hadi mwaka, na mwisho stika hukakamaa, hupasuka kwenye kona na kuanza kujikunja pembeni.

Tiba ya haraka inayopendekezwa gereji ni kopo la spirei nyeusi. Gari hutoka linapendeza. Lakini rangi ile imelala juu ya kitu kilichokwisha kupasuka, na stika ya chini ikiendelea kuachia, rangi huondoka nayo vipande vipande. Nimebandua milango ya namna hiyo, na kazi huwa mara mbili: kwanza magamba ya rangi, kisha stika yenyewe. Ni heri kuitoa ya zamani yote tangu mwanzo.

Stika ya gari ni ndoa ya vitu viwili vilivyopatikana karibu wakati mmoja. Mwaka 1925 Richard Drew wa kampuni ya 3M, huko Minnesota, Marekani, alitengeneza mkanda wa wapiga rangi baada ya kuwaona mafundi wa magari ya rangi mbili wakibandua karatasi na rangi mpya ikitoka nayo. Mwaka uliofuata Waldo Semon wa B.F. Goodrich alipata njia ya kulainisha PVC, plastiki ambayo hadi hapo ilikuwa ngumu na yenye kazi chache. Gundi ya stika hushika kwa kukandamizwa, haihitaji maji wala moto ili kukamata. Ndiyo maana punje moja ya mchanga au tone la mafuta chini yake linatosha kuiharibu kazi nzima.

Kuhusu stika ya kununua, zipo njia tatu. Ya kwanza ni ya kiwandani, ambayo Toyota huiuza kwa namba ya kipuri, kila mlango na kipande chake, ikiwa imeshakatwa kwa umbo. Muuza vipuri huitafuta kwa namba ya chasisi. Ya pili ni roli ya stika za kuvalisha magari, iliyotengenezwa kwa plastiki ya kumiminwa ikiwa majimaji, nyembamba ya takriban milimita 0.05, inayokubali kona na isiyosinyaa sana. Ya tatu ni stika ya mabango, ile inayoandikwa majina ya maduka. Hii hutengenezwa kwa kubanwa kati ya rola za moto, na plastiki yake hubaki na hamu ya kurudi ilikotoka. Kwenye kibao cha duka haina shida. Kwenye ukingo wa mlango unaopigwa na jua husinyaa na kuacha mstari mwembamba wa gundi unaokusanya vumbi. Muombe fundi akuonyeshe mgongo wa roli, kwani kwa kawaida aina yake imechapishwa kwenye karatasi ya nyuma.

Kazi ianze asubuhi. Kadiri mchana unavyosogea, upepo wa ziwani huingia nchi kavu na kurusha vumbi, hasa maeneo ya Kirumba na Kitangiri. Usiku, chini ya taa, wadudu wadogo wa ziwani huja kwa makundi na kunasa kwenye gundi. Kivuli cha ukuta kati ya saa mbili na saa tano kinatosha.

Mlango huoshwa kwa maji na sabuni, ukakaushwa, kisha stika ya zamani ikapashwa moto kwa draya ya saluni mpaka mkono uone joto bila kuungua. Fundi mzoefu huingiza ukucha kwenye kona, akainua kipande cha kushikia, halafu hukikunja nyuma kabisa, kikalala karibu sambamba na mlango, na kuvuta polepole huku draya ikimtangulia vidole vichache mbele. Ikivutwa hivyo, gundi nyingi huondoka na plastiki. Ikivutwa baridi au kwa pupa, hukatika vipande vidogo kama maganda ya yai lililochemshwa vibaya, na gundi yote hubaki kwenye bodi.

Wembe usiguse rangi. Kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake hufanya kazi ile ile bila kovu.

Kwa gundi iliyobaki, mafuta ya taa yanafaa: paka, subiri dakika chache, sukuma kwa kadi. Petroli iachwe kabisa mahali penye draya inayowaka. Tina ni hatari kwa gari lililowahi kupigwa rangi mtaani, maana huweza kuilainisha rangi ile papo hapo. Anayelazimika kuitumia aijaribu kwanza sehemu iliyofichika. Mafuta ya taa huacha utando, hivyo mlango huoshwa tena kwa sabuni, kisha hufutwa kwa spiriti na kitambaa safi. Matambara yale yenye gundi na mafuta yatupwe na taka, yasisukumwe mtaroni. Mitaro ya upande huu wa mji humwaga ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa.

Pitisha ncha za vidole juu ya bodi iliyo tupu. Kila shimo na kila uvimbe utaonekana juu ya stika mpya. Penye kutu pasuguliwe kwa msasa na kupigwa rangi, kisha rangi iachwe ikauke kwa siku kadhaa, kwa sababu rangi mbichi hutoa hewa inayoinua mapovu.

Sasa raba. Hapa ndipo kazi nyingi za mtaani zinapoharibika. Stika ikikatwa sawasawa na raba ya kioo, ukingo wake hubaki wazi na maji huufikia. Raba ilegezwe au iinuliwe, stika iingie chini yake, na upande wa ufunguzi wa mlango ikunjwe ndani kama sentimita moja. Kipimo huchukuliwa kwa karatasi ya kawaida kwanza, ukaongezwa ukingo pande zote.

Kama stika haina mifereji ya kutolea hewa kwenye gundi, nyunyiza mlango kwa maji yenye matone machache ya sabuni, ili uweze kuisogeza kabla haijakamata. Yenye mifereji hubandikwa kavu. Anza katikati, sukuma kuelekea pembeni kwa kadi iliyofungwa kitambaa laini. Povu likikaidi, litobolewe kwa sindano na hewa isukumwe kuelekea tundu. Kwenye kona ya juu ya fremu stika hupashwa moto kidogo, ikavutwa kidogo. Ikivutwa kupita kiasi itarudi siku jua litakapoipata. Ukataji ufanywe kwa wembe mpya, kwa mkono mwepesi, juu ya stika pekee. Wembe ukipenya hadi kwenye chuma, kutu itaanzia hapo.

Malizia kwa kupasha moto mikunjo yote na kuikandamiza tena. Gundi huendelea kukaza kwa siku mbili hadi tatu, na katika muda huo gari lisioshwe. Baada ya hapo, bomba la presha lisielekezwe kwenye ukingo wa stika kwa karibu, na vumbi liondolewe kwa maji kabla ya kitambaa kugusa mlango.

Unayempa fundi kazi hii, kaa naye wakati wa kusafisha gundi na usiruhusu abandike mpaka kitambaa cheupe chenye spiriti kipite mlangoni na kutoka cheupe. Na ununue stika ya milango yote minne kwa pamoja, kutoka roli moja, kwa sababu nyeusi za roli mbili mara nyingi hazilingani.