Noeli ya Jembe



Kila Majilio huku Nachingwea mchango wa Noeli unajulikana: mchele, sukari, sabuni, labda na kitenge. Tunakusanya jumuiya kwa jumuiya, tunawapelekea wazee na wagonjwa, tunapiga picha, tunaweka status. Si vibaya (hizo picha ndo zinanikera, ila tuyaache). Mwaka jana tulipeleka mfuko kwa bibi mmoja anayeishi peke yake. Akashukuru, akatuombea, kisha akasema taratibu, "Wajukuu zangu, sukari nimepata. Shamba langu je, nani atanilimia?"

Hatukuwa na jibu, na swali hilo limenifanya niitazame upya kalenda yetu ya kusini. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba. Kwa hiyo Noeli inaangukia palepale kwenye kulima na kupanda mahindi na mbaazi. Mwenye nguvu anaingia shambani mwenyewe, na mwenye hela ya korosho anaweka vibarua. Mzee asiye na korosho, ambaye mgongo umekataa kuinama na watoto wako Dar, anakaa kibarazani akiangalia mvua inapita. Akichelewa kupanda, amekwisha poteza mavuno ya mwaka mzima. Mchele wetu kilo mbili hauvuki hata Tokeo la Bwana.

Sasa angalia Kanisa linatupa nani siku inayofuata Noeli. Tarehe 26 ni Mtakatifu Stefano. Wengi tunamjua kwa mawe aliyopigwa, lakini soma Matendo ya Mitume sura ya 6 uone alianzia wapi. Kulikuwa na manung'uniko kuhusu chakula: wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakupitisha kapu mara moja wakamaliza. Waliwaambia waamini wachague watu saba, wakawawekea mikono, wakawakabidhi kazi hiyo, na jina la kwanza katika orodha ni Stefano. Mimi hapo nasimama kwenye neno "kila siku". Mjane hali chakula siku ya Noeli tu.

Basi nawaomba vijana wa Nachingwea na majirani zetu wa Ruangwa, tarehe 26 tuingie shambani. Ni sikukuu, wanafunzi wako likizo, nguvu zipo. Kabla ya mkesha muulizeni mwenyekiti wa jumuiya ni nani hajalima. Muulizeni na mwenyekiti wa kitongoji, maana majirani zetu wengi ni Waislamu na mvua hainyeshi kwa dini. Halafu nendeni mkamwamkie mwenye shamba siku moja kabla, mumsikilize: anataka mbegu gani, zipandwe wapi, mti upi usiguswe. Shamba ni lake, sisi tunaleta mikono tu. Vijana kumi wakianza saa 12 asubuhi, jua likichomoza vizuri kipande cha maana kimeshalimwa.

Ambaye hawezi jembe asijione hana kazi. Kama umefikisha miaka 18, una kilo 50 na afya njema, nenda hospitali ya wilaya ukachangie damu. Mvua zinakuja na malaria, na watoto wadogo ndio wanaoishiwa damu haraka. Kina mama wanaojifungua nao hawasubiri sikukuu iishe.

Kitu kigumu ni palizi. Wiki mbili tatu baada ya mahindi kuota, majani yanakuwa yameshayazidi, na wakati huo shule zinafunguliwa na shamrashamra zimeisha. Kundi letu tumeandika majina mawili kwa kila shamba, na angalau mmoja awe ni mtu anayebaki hapa kijijini, ili Januari ijulikane palizi ya nani iko mikononi mwa nani.