Tangu Lini? Kijitabu cha Kaya Kuhusu Hulka na Afya ya Akili

Nenda Igombe au Kayenze alfajiri, mitumbwi ya dagaa inapoingia. Utamkuta anayesimulia usiku wote ulivyokuwa kabla hajakanyaga mchanga, na pembeni yake anayekunja nyavu bila neno. Yupo anayehesabu ndoo mara tatu, na yupo anayegombana na mnunuzi kabla bei haijatajwa. Hapo hakuna mgonjwa. Hizo ni hulka, na kila mtu huzaliwa na sehemu ya hulka yake kama anavyozaliwa na kimo chake. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti za hulka baina ya watu hutokana na urithi. Nusu nyingine huchongwa na maisha.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya kaya za Ilemela, Mwanza, kwa sababu kuna makosa mawili yanayotuumiza. La kwanza ni kumwita mgonjwa mtu ambaye ni mkimya tu, au kusema ana jini kwa kuwa hapendi kukaa na watu. La pili ni baya zaidi: mtu anaumwa kweli, nasi tunasema ndivyo alivyo. Tunamwita mvivu, tunamwita mwenye kiburi. Miezi inapita tukimkaripia abadilike, na ugonjwa wenye tiba unazidi kuota mizizi.

Swali la kutenganisha mambo haya ni fupi: tangu lini?

Mlinganishe na yeye mwenyewe

Usimlinganishe mwanao na mtoto wa jirani. Mlinganishe na alivyokuwa mwaka jana. Binti aliyekuwa mkimya tangu chekechea, mwenye rafiki mmoja wa kweli, anayekula, anayelala na kufanya kazi za shule, mwache na ukimya wake. Lakini mama anayeuza samaki Mwaloni Kirumba, aliyezoeleka kwa kicheko na utani, akiacha kuitikia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, ya jirani, akaanza kuchelewa sokoni na kurudisha sahani ya chakula ikiwa nzima, huyo hajabadilika tabia. Tabia ya mtu mzima haigeuki kwa majuma matatu. Hulka hubadilika polepole, kwa miaka, na wengi wetu huwa watulivu zaidi kadiri umri unavyosogea. Badiliko la ghafla lina chanzo, na chanzo kinatafutwa.

Wanaochunguza hulka huzipima kwa mambo matano: uchangamfu, upole kwa wenzako, utaratibu katika kazi, udadisi, na wepesi wa moyo kuvurugika. Kila mtu anayo yote, kila moja kwa kiasi chake. Hilo la mwisho ndilo la kujichunguza zaidi. Ambaye moyo wake huvurugika upesi yuko karibu zaidi na sonona na wasiwasi uliopitiliza kuliko wengine. Kuwa karibu si kuumwa. Ni kama mtu ambaye wazazi wake wote wana presha: haanzi dawa leo, ila anapima mapema na kuangalia chumvi yake. Ukijijua hivyo, linda usingizi wako, punguza pombe, na uwe na mtu mmoja wa kumweleza mambo kabla hayajajaa.

Vijana wengi sasa hujipima kwa maswali ya kwenye simu, wakiibuka na jina la ugonjwa kabla ya kulala. Udadisi wao ni mzuri, maana wazazi wao hawakupata hata nafasi ya kuuliza. Ila jina la ugonjwa hutolewa na mtaalamu aliyekusikiliza na kukupima. Anayecheka asubuhi na kukasirika jioni hana bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, kwa sababu hiyo tu.

Sonona

Huzuni ya kufiwa ni haki ya moyo. Sisi wa ziwani tunaijua: meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza na kuchukua maisha ya mamia ya watu, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa zaidi ya 200. Ziwa lisiporudisha mwili, nyumba inabaki na msiba usio na kaburi. Aliyefiwa anaweza kusikia sauti ya marehemu ikimwita uani, na hilo peke yake si wazimu. Huzuni ya msiba huja kama mawimbi, na katikati yake mtu hucheka akikumbuka jambo, hula, hushukuru waliokuja.

Sonona haina katikati. Kwa majuma mawili au zaidi, karibu siku nzima, karibu kila siku, mtu anakosa furaha hata kwa alivyovipenda. Usingizi unakatika saa tisa usiku. Mwili unakuwa mzito, fikra zinakwenda taratibu, na anajiona mzigo kwa watu. Wengi hapa kwetu hawasemi wana huzuni. Watasema kichwa kinawaka moto, mgongo unauma, moyo unakwenda mbio, "nina mawazo". Mzee akienda zahanati mara nne kwa maumivu yasiyoonekana kwenye kipimo, aulizwe pia habari za usingizi na moyo.

Mama aliyejifungua naye aangaliwe. Machozi ya siku chache za kwanza ni ya kawaida. Yakivuka majuma mawili aende kliniki, na akianza kusema mtoto si wake au afadhali wafe wote wawili, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake na mtoto.

Usingizi wa wavuvi

Hapa inabidi tuseme na wavuvi wenyewe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa kazi husimama. Kwa hiyo mvuvi hukesha majuma kadhaa, kisha hukaa nchi kavu, na mara nyingi siku hizo pombe huwa nyingi. Mwili wa mtu wa kawaida huchoka tu. Lakini kwa mwenye mwelekeo wa bipola, kukesha mfululizo kunaweza kuwa ndiyo cheche.

Tofauti iko kwenye uchovu. Mvuvi aliyekesha akipata kivuli analala fofofo. Anayeingia kwenye bipola halali na wala hachoki. Analala kwa saa mbili tu, anaamka na nguvu za watu watatu, anaongea bila kukatika, anatangaza kununua boti tano, anagawa mtaji, anatukana aliokuwa akiwaheshimu. Wenzake humwona amepata bahati au amelewa. Hali hiyo ikidumu siku kadhaa, mzuieni kwa upole kuingia ziwani, hifadhini fedha yake, na mumpeleke hospitali. Msimfunge: kamba na minyororo humjeruhi na kumfundisha kuwaogopa wale wanaotaka kumponya.

Bibi aliyebadilika

Jambo hili lina damu ndani yake, na ndiyo maana tunalisema wazi. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo wameyapata kwa miaka hamsini ya moshi wa jiko la kuni. Sasa ongeza ugonjwa wa kusahau wa uzeeni: bibi aliyekuwa mpole anaanza kuwashutumu wajukuu kuwa wamemwibia khanga, anatembea usiku, anazungumza peke yake, anapotea akakutwa kwenye uwanja wa watu. Mwenye nia mbaya hupata ushahidi wote anaoutaka. Ubongo wa bibi unaugua, kama goti linavyougua. Waelezeni majirani na mwenyekiti wa mtaa mapema kwamba ana ugonjwa wa kusahau, na usiku alale na mtu.

Kwanza mwili

Kabla ya kusema ni akili, mwili upimwe. Malaria kali inaweza kumfanya mtu apayuke ndani ya saa chache. Kaswende ya muda mrefu, VVU, sukari iliyoshuka, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, bangi na gongo, vyote vinaweza kumgeuza mtu akawa mwingine. Kifafa si wazimu wala hakiambukizwi kwa mate. Ni ugonjwa wa ubongo, na dawa zake zipo.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Inapobidi watakuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure au Hospitali ya Kanda Bugando, ambako kuna huduma za magonjwa ya akili. Dawa za sonona huchukua majuma mawili hadi sita kuonyesha kazi, kwa hiyo asiziache siku ya tano akisema hazifai, wala mwezi wa pili akisema amepona. Kama familia inataka sala, msali. Dawa isisimamishwe kwa ajili ya sala wala kwa ajili ya mganga.

Mtu akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo jipya. Linampa nafasi ya kupumua. Sumu ya pamba na ya panya itoke nyumbani siku hiyo, na asibaki peke yake hadi afike hospitali. Kwa mtoto, piga 116, Simu ya Msaada kwa Mtoto.

Mnapokwenda hospitali, chukueni daftari. Andikeni tarehe ya badiliko la kwanza mlilolikumbuka, hata kama ni "wiki ya mbalamwezi baada ya Pasaka". Andikeni analala saa ngapi, anakula nini, anakunywa nini, na dawa zote anazotumia zikiwemo za mitishamba. Kisha aende naye mtu aliyemfahamu tangu utotoni, shangazi au kaka mkubwa, kwa sababu daktari hatamjua alivyokuwa, na yeye mwenyewe huenda amesahau.