Dereva wa Vifurushi: Kajiajiri au Kaajiriwa?

Ukiagiza mzigo Mwanza mjini, basi au Hiace itaushusha stendi ya Magu, kwenye barabara ya Musoma. Kuanzia hapo ni kazi ya bodaboda: anapigiwa simu, anabeba kifurushi, anakufikishia mlangoni, hata kama ni Kahangara. Muulize, atakwambia, "Nimejiajiri." Sawa, ila tupige hesabu kwanza.

Vijana wengi wanaendesha pikipiki ya mkataba: tajiri ananunua chombo, dereva anapeleka hesabu kila siku, mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake. Tuseme siku nzuri inaingiza 25,000. Toa hesabu 10,000 na mafuta 7,000. Inabaki 8,000, na humohumo kuna oili, tairi, vocha na msosi. Akiugua siku tatu, anadaiwa 30,000. Mzigo ukipotea, analipa yeye.

Sheria inasemaje? Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, haiishii kwenye jina mlilopeana. Inatazama kazi yenyewe: nani anapanga saa na namna ya kuifanya? Nani katoa vitendea kazi? Unamtegemea mtu mmoja kiuchumi? Anayemfanyia mwingine kazi, ikionekana hata dalili moja kati ya hizo, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tajiri atajitetea kwamba yeye kakodisha chombo tu, na hapo ndipo penye ubishi. Kule Uingereza, Februari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kuwa madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, ingawa karatasi ziliwaita watu waliojiajiri.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwajiriwa akiumia kazini, upo mfuko wa fidia, WCF, na anayeuchangia ni mwajiri. Aliyejiajiri anaweza kujiunga NSSF kwa hiari, lakini anachangia mwenyewe.

Kwa hiyo mwanachuo, kabla hujasaini mkataba wa boda, uliza: Nikiugua, hesabu inasimama? Chombo kikiibiwa, hasara ya nani? Nikishindwa nikiwa nimeshalipa nusu, narudishiwa nini? Kadi ya pikipiki itabadilishwa jina lini? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, na kila hesabu unayopeleka upewe risiti. Mali bila daftari huisha bila habari.