Seva Wakala Isiyoonekana

Maana
Seva wakala ni kompyuta inayokaa kati ya watumiaji na intaneti. Hupokea ombi la mtumiaji, hulituma kwa niaba yake, kisha humrudishia jibu. Seva wakala ya kawaida lazima iandikwe katika mipangilio ya kivinjari. Ile isiyoonekana haiandikwi popote, huwekwa njiani.

Mfano
Lori la pamba linatoka Bariadi kwenda Lamadi. Tuseme barabarani pana geti la kukagua mazao. Dereva hahitaji kuelekezwa getini. Geti liko kwenye njia yake, atasimama tu.

Hatua za kuijenga katika maabara ya shule
1. Chukua kompyuta yenye kadi mbili za mtandao: moja iunganishwe na ruta ya intaneti, nyingine na swichi ya maabara.
2. Weka Linux na programu ya Squid, kisha iruhusu Linux kupitisha data kati ya kadi hizo.
3. Ifanye kompyuta hiyo iwe lango la kompyuta zote za maabara.
4. Katika faili la mipangilio ya Squid ongeza mstari: `http_port 3129 intercept`. Ruhusu anuani za maabara pekee.
5. Weka kanuni kwamba data za maabara zinazokwenda poti ya 80 zigeuziwe poti ya 3129. Nyingine zipite moja kwa moja.

Faida
Squid huhifadhi nakala za kurasa. Wanafunzi 40 wakifungua, mmoja baada ya mwingine, faili lile lile la megabaiti 2, bila akiba bando hupungua megabaiti 80. Kwa akiba, faili hushushwa mara moja: megabaiti 2.

Mipaka
Faida hiyo ni kwa HTTP, inayotumia poti ya 80 na husafiri wazi. Tovuti nyingi leo hutumia HTTPS, poti ya 443, ambayo data zake zimefichwa kwa msimbo. Hilo ni lori lililofungwa kwa lakiri: geti linajua linakoelekea, halijui lilichobeba.

Angalizo
Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano bila idhini. Pata kwanza kibali cha mkuu wa shule na uwaarifu watumiaji.

Swali (alama 4)
Mwanafunzi ameingiza nywila kwenye tovuti ya HTTPS katika maabara iliyoelezwa hapo juu. Je, msimamizi wa seva wakala anaweza kuisoma? Eleza.

Jibu
Hapana (alama 1). Nywila imefichwa kwa msimbo kabla ya kutoka kwenye kompyuta ya mwanafunzi (alama 1), na ufunguo wa kuifungua unao kivinjari na tovuti tu (alama 1). Ila kivinjari kikionya kuwa cheti cha tovuti hakiaminiki, mwanafunzi asiendelee, maana huenda kuna aliyejiweka katikati (alama 1).

Watahiniwa wengi hujibu "ndiyo, kwa sababu data zote zinapita hapo". Kupita si kusomeka.