Hodi Mlangoni: Somo juu ya Mgeni Tusiyemjua

Neno "hodi" ni dogo, lakini lina kazi kubwa katika nchi zetu. Atakaye kuingia katika nyumba ya mwenziwe husimama nje, huita hodi, kisha hungoja. Asipojibiwa huita mara ya pili na ya tatu. Na baada ya mara ya tatu hurudi alikotoka, wala haoni haya. Mwenye nyumba akisema "karibu", ndipo mlango hufunguliwa. Desturi hii yatufundisha mambo mawili pamoja: kwamba mgeni anayo njia ya kuingia, na kwamba ruhusa ni ya mwenye nyumba. Wengi wetu twalishika jambo la kwanza na kulisahau la pili. Twadhani kwamba mtu akiisha kuita hodi, imetulazimu kujibu karibu. Sivyo. Kati ya hodi na karibu pana nafasi, na katika nafasi hiyo hukaa swali, "Nani?" Somo letu la mwezi huu ni juu ya nafasi hiyo.

Twaandika kwa sababu swali hili huulizwa mara kwa mara katika sharika zetu: Je, mtu aliyeagizwa kuwapenda wageni aweza kuufunga mlango wake? Wako wanaomfungulia kila abishaye, kwa kuogopa kuitwa wachoyo, nao wameibiwa, na wengine wameumizwa. Wako tena ambao kwa kuwaogopa wezi hawamfungulii mtu ye yote, hata mwenye kiu. Twataka kuyaepuka makosa yote mawili.

1. Ibrahimu aliwapokea wapi wageni wake?

Twasoma katika sura ya 18 ya Kitabu cha Mwanzo kwamba Ibrahimu alikuwa ameketi mlangoni pa hema yake wakati wa hari ya mchana, akaona watu watatu wamesimama mbele yake. Alipiga mbio kuwalaki, akawapa maji ya kunawa miguu, mkate, siagi, maziwa na nyama ya ndama. Walimu hupenda kuifundisha habari hii, nao wafanya vema. Lakini liko jambo moja tunalolipita upesi: wageni hao walikula chini ya mti. Maji yaliletwa huko, chakula kiliandaliwa huko, na Ibrahimu mwenyewe alisimama karibu nao. Sara alikuwa hemani. Hapana awezaye kusema kwamba Ibrahimu alikuwa mchoyo. Walakini karamu yake yote ilifanyika nje ya mlango.

Wazee wa pwani waliijua hekima hiyo hata katika kujenga. Tazama nyumba za mawe za Lamu na za Unguja. Mbele ya nyumba, ukutani, pana baraza ya mawe. Hapo mpita njia huketi, hunywa kahawa na kuzungumza, naye bado hajaingia. Katika nyumba za kale za Lamu aliyevuka kizingiti alifika kwanza dakani, penye mahali pa kuketi. Baadaye kiwanda kilicho wazi juu. Na mgeni wa kulala aliwekewa chumba chake, sabule, mbali na vyumba vya ndani vya jamaa. Na huku bara je? Mgeni hutolewa kigoda akaketi uani chini ya mwembe. Basi karibu ni kama ngazi yenye vipandio vingi, na mwenye nyumba ndiye ajuaye ni kipandio gani kimfaacho mgeni huyu leo. Kiu huondolewa barazani. Si lazima iondolewe chumbani. Aliyempa mtu asiyemjua maji na kigoda uani ametimiza ukarimu, wala asihukumiwe moyoni mwake.

2. Mkate wenye ukungu

Katika sura ya 9 ya Kitabu cha Yoshua twasoma habari za Wagibeoni. Watu hao walikaa karibu, lakini walitaka wadhaniwe kuwa wametoka nchi ya mbali. Wakavaa viatu vikuukuu vilivyotiwa viraka, wakachukua viriba vya divai vilivyopasuka, na mkate mkavu wenye ukungu. Waisraeli waliutazama mkate, wakaamini, wakafanya agano. Baada ya siku tatu walisikia kwamba ni majirani zao.

Tuangalie kosa lilikuwa wapi. Waisraeli hawakuwa wajinga, maana waliuliza, tena walishuku. Lakini hawakuomba shauri la Bwana, na ushahidi wote walioupima uliletwa na wageni wenyewe: mkate wa wageni, viatu vya wageni, maneno ya wageni. Hawakuuliza mahali pengine po pote.

Hila hiyo haijazeeka. Siku hizi mkate wenye ukungu ni kitambulisho kilichoning'inizwa shingoni, ni fulana yenye jina la kampuni, ni karatasi yenye mhuri, ni nambari ya simu ambayo mgeni akupa ili umwulize "mkubwa wake". Ukiipiga nambari aliyokupa yeye, atakayekujibu ni mwenzake. Kwa hiyo twaiweka kanuni hii, nayo ndiyo kiini cha somo letu: ushahidi usitoke mkononi mwa yule anayepimwa. Piga nambari uliyokuwa nayo kabla hajaja, ile iliyoandikwa katika risiti yako. Au umtume mtu kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, umwulize kama ana habari za watu hawa.

Kazi ya haki haiogopi kuulizwa hivyo. Katika sensa ya Agosti 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba katika Tanzania yote, hata wakahesabiwa watu 61,741,120. Makarani walikuwa na vitambulisho, lakini pia waliongozwa na viongozi wa mitaa na vitongoji, watu wanaojulikana na wenyeji. Huo ndio ushahidi utokao upande wa pili. Hata polisi wana utaratibu. Kwa kawaida wajapo kupekua nyumba huwa na hati, na kwa sheria ya Tanzania hati hiyo hutumika kati ya kuchomoza na kuchwa kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Ziko hali za dharura zilizo na njia yake, wala hatumshauri mtu kushindana na askari. Lakini kumwomba kwa adabu aonyeshe kitambulisho chake, na kuomba mwenyekiti aitwe awe shahidi, si ukaidi.

3. Roda nyuma ya lango

Katika sura ya 12 ya Matendo ya Mitume twasoma habari za usiku wa hofu. Herode alikuwa amemwua Yakobo, na Petro alikuwa kifungoni. Watu walikusanyika nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko. Mtu akabisha langoni. Kijakazi aitwaye Roda akaja kusikiliza, akaijua sauti ya Petro. Lakini kwa furaha hakufungua, akapiga mbio ndani kuwaambia wengine. Walimwambia ana wazimu. Petro akazidi kubisha. Nao walipofungua walimwona.

Watu humcheka Roda, na kweli alisahau mlango kwa sababu ya furaha. Lakini tukiitazama habari hii kwa jambo letu, twaona mengi ya kutufaa. Lango lilikuwa limefungwa wakati wa hatari. Aliyekwenda langoni alisikiliza kwanza. Habari ilipelekwa kwa wakubwa. Lango lilifunguliwa na watu wengi pamoja. Na Petro je? Alingoja tu, akabisha tena. Mgeni wa kweli aweza kuchoka kwa kungoja, lakini hakasiriki kwa kuulizwa jina. Akuharakishaye, akwambiaye "Fungua upesi, sina nafasi", amekupa sababu ya kutofungua.

4. Siku ya tatu

Kanisa la kwanza nalo lilisumbuliwa na wageni wa uongo. Kiko kitabu cha kale kiitwacho Didache, yaani Mafundisho, ambacho nakala yake ilionekana Constantinople mwaka 1873 na askofu Philotheos Bryennios, naye akakipiga chapa mwaka 1883. Kitabu hicho chaagiza kwamba mgeni ajaye kwa jina la Bwana apokelewe, kisha ajaribiwe. Mtume apitaye akae siku moja, na ya pili ikiwa lazima. Akikaa siku tatu si wa kweli. Aondokapo achukue mkate tu. Akiomba fedha, si wa kweli. Wazee wetu, ambao hawakukiona kitabu hicho, walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ni ajabu jinsi hekima hizi mbili zilivyokutana! Zote mbili zasema: mpokee mtu, na umpime kwa matendo yake, si kwa maneno yake. Walimu wa dini na waangalie hasa neno lile la fedha, maana wako wajao nyumbani kwa washarika wakitaja jina la kanisa na kuomba michango. Michango ya usharika ina njia yake inayojulikana. Aombaye mlangoni apelekwe kwanza kwa wazee wa kanisa.

5. Yafaayo kutendwa nyumbani

Tuseme ni saa tisa mchana. Baba yuko kazini, mama yuko shambani, na nyumbani yumo binti wa miaka kumi na miwili pamoja na mdogo wake. Mtu anaita, "Hodi! Mwanangu, mimi ni rafiki ya baba yako. Amenituma niichukue redio niipeleke kwa fundi." Hapo mtoto mwenye adabu yumo katika shida, kwa maana tumemfundisha kuwatii wakubwa, wala hatukumfundisha la kumjibu mkubwa asiyemjua. Basi tumpe maneno yenyewe, ayazoee: "Shikamoo, baba. Tumeagizwa tusifungue. Tafadhali nenda kwa jirani, nyumba ya kushoto, ungoje huko." Asiseme, "Niko peke yangu," wala, "Mama atarudi jioni." Salamu imetolewa, heshima imekaa, na mlango umebaki umefungwa.

Tena twashauri haya. Jibu kila hodi kwa sauti, hata kama hutafungua, kwa sababu mwivi aweza kubisha ili ajue kama nyumba ni tupu. Sema naye dirishani au kwa nyuma ya mlango uliotiwa komeo. Usiku washa taa ya nje, uache chumba chako gizani, upate kumwona asikuone. Patana na majirani wawili au watatu kwamba mmoja akiita, wengine wataitika. Nchi yetu ilikuwa na mpango wa nyumba kumi kumi tangu miaka ya 1960, na Kenya waliuiga mwaka 2013. Lakini mpango wo wote hauna nguvu ikiwa hatujui jina la mtu wa nyumba ya pili. Katika Tanzania polisi huitwa kwa nambari 112, na msaada wa watoto kwa 116. Na waovu wakiisha kuingia kwa nguvu, waache wachukue vitu. Mali hutafutwa, roho haitafutwi.

Na akibisha usiku mtu aliyejeruhiwa, au mwanamke akimbiaye kipigo? Huyo tusimwache. Mwambie kwa sauti, "Nimekusikia, msaada waja," ukawaite majirani, kisha mfungue pamoja, kama walivyofungua nyumbani kwa Mariamu.

6. Woga nao huua

Hatuwezi kulimaliza somo hili bila kusema neno zito. Mwezi wa Oktoba 2016, katika wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, watu watatu waliokwenda kwa kazi ya utafiti wa kilimo waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Walikuwa wageni, basi. Hiyo ndiyo hatia yao. Uvumi wa mumiani ni wa zamani katika nchi zetu, na kila mara uendapo huwatafuta wasiojulikana.

Ndugu, aliyefunga mlango wake na kuuliza "Nani?" hakumdhuru mtu. Lakini apigaye kelele "Mwizi!" au "Mumiani!" kabla ya kujua, amewasha moto asioweza kuuzima. Kumwita jirani aje kushuhudia ni jambo moja, kuuita umati uje kupiga ni jambo jingine kabisa. Sisi tulio walimu tuna daraka kubwa hapa, maana neno letu husikilizwa kijijini. Uvumi ukifika kwetu, na uishie kwetu. Twende kwa mwenyekiti, tuulize, turudi na habari ya kweli.

Twarudi kwenye neno tulilolianzia. Kati ya hodi na karibu pana nafasi ndogo. Aiachaye kwa haraka huweza kupoteza nyumba yake, na aijazaye kwa hofu huweza kupoteza utu wake. Tukae humo kwa utulivu, tuulize, tusikilize, kisha tutoe kile tuwezacho kutoa, hata kama ni kikombe cha maji na kigoda chini ya mti.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Ibrahimu aliwakaribisha wageni wake wapi? Kwako wewe, baraza ni mahali gani?
2. Wagibeoni walileta ushahidi gani? Taja mambo matatu ya siku hizi yanayofanana nao.
3. Mtoto wako ameyajua maneno ya kumjibu mtu asiyemjua? Myasemeni pamoja leo jioni.
4. Uvumi juu ya mgeni ukifika kijijini kwenu, utakwenda kwa nani kwanza?