Cheti cha Nyanya Hakimo Katika Katiba

Mama mmoja wa Mtopanga, Kisauni, ameniandikia kuhusu binti yake aliyetimiza miaka 18 na kwenda kuomba kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Cheti cha kuzaliwa anacho, barua ya chifu anayo, nakala za vipande vya wazazi wote wawili anazo. Mwenzake wa darasa moja, mwenye jina la bara, alipeleka hati zizo hizo, akachukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ya kusubiria. Binti huyu, mwenye jina la Kiarabu na nywele za singa, akaulizwa: "Nyinyi asili yenu wapi?" Kisha akaagizwa alete cheti cha kuzaliwa cha nyanya yake.

Huku ndiko kupigwa msasa, na watu wa Likoni na Changamwe wanakujua vyema.

Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia. Mmoja anatosha. Baba akiwa Myemeni au mtu wa Tanga na mama ni Mkenya, mtoto ni Mkenya. Kifungu cha 27 nacho kinakataza Serikali kumbagua mtu kwa rangi, kabila, dini au mavazi yake. Nyanya hatajwi popote.

Tena kumdai nyanya cheti ni dhihaka. Wakoloni walianza kusajili vizazi vya Wazungu, kisha vya Wahindi. Kwa Waafrika usajili haukuwa wa lazima nchi nzima hadi 1971. Mwanamke aliyezaliwa Mtongwe mwaka 1945 atakitoa wapi? Na karani anayekidai, nyanya yake mwenyewe anacho?

Lakini kinachowanasa wengi ni lile neno "rudi Jumatatu". Hukatazwi, hupewi. Hakuna karatasi inayosema umekataliwa, kwa hivyo huna cha kukatia rufaa. Miezi inapita, kazi bandarini inakupita, chuo kinakupita. Ukichoka, nje ya lango yupo dalali: toa kitu kidogo nikutengenezee hati ya kiapo, au jiandike Mdigo, mambo yaishe. Usithubutu! Kutoa habari za uongo kwa msajili ni kosa la jinai, na siku ya kesi dalali hutamwona. Mdigo wa kweli hana haja ya kununua Udigo, na wewe huna haja ya kuukana ukoo wako ili uhesabiwe Mkenya.

Fanya hivi. Siku iyo hiyo unayorudishwa, andika barua: tarehe, ofisi, hati ulizopeleka, ulichoambiwa, na ombi la sababu kwa maandishi. Nakala ziwe mbili, yako igongwe muhuri. Wakikataa kuigonga, itume kwa rejista ya posta uhifadhi risiti. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya sababu hizo, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inampa afisa miezi mitatu kuzitoa. Akinyamaza, mahakama itachukulia kwamba alichokifanya hakikuwa na sababu ya maana, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Mzigo umemwangukia yeye. Nakala nyingine ipeleke kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma, ambako kulalamika hakulipiwi.

Mnamo Februari 2025, huko Wajir, Rais Ruto alitia sahihi tamko la kufuta msasa wa ziada uliowabana wakazi wa kaunti za mpakani. Vyema, ila tamko si sheria. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inamruhusu afisa kudai ushahidi zaidi bila kumwekea orodha ya hati anazoweza kudai. Kwa mamlaka mapana kama hayo, Wasomali Wakenya walichujwa mwaka 1989 na kupewa kadi zao za peke yao. Wamakonde, waliokuwa hawatambuliwi kuwa raia, iliwabidi waandamane kutoka Kwale kwenda Nairobi, Oktoba 2016, ndipo wakasikilizwa. Kinachotakiwa ni Bunge kuandika orodha ya hati iliyofungwa, siku maalumu za kujibu, na adhabu kwa afisa anayeongeza lake. Mbunge akija kukuhimiza ujisajili kupiga kura, usajili ambao hauwezekani bila kipande au pasipoti, muulize mswada huo uko wapi.